Rangi za Maji Ziliupa Mkono Wangu Kazi

Niliingia masjala ya ofisi moja hapa Unguja nikiwa msichana, nikatoka nikiwa bibi wa watu. Miaka yote hiyo kazi yangu ilikuwa ile ile: faili likiingia nalipa namba, naliandika daftarini, nalirudisha kwenye rafu yake. Likitakiwa, nalitoa. Sikuwahi kuchora hata ua. Skuli tulichora ramani ya Afrika na moyo wa binadamu wa somo la sayansi, basi. Siku hizi mtu akiniita msanii, nacheka kwanza ndipo naitika.

Naandika ushuhuda huu kwa sababu wanawake wa rika langu hunivuta pembeni wakaniuliza: "Hebu niambie, pale ulitokaje?" Pale wanapopasema ni ule mwaka niliostaafu na kufiwa na mume kwa mpigo mmoja. Wengi wanategemea nitaje dua maalumu, au daktari fulani wa mjini. Dua nilisoma na bado nasoma, na kwa daktari wa presha nilikwenda. Lakini kitu kilichoniondoa kitandani asubuhi kilikuwa kiboksi cha rangi za maji cha mtoto wa skuli. Nikiwajibu hivyo hunitazama usoni kuona kama nafanya mzaha.

Ndani ya eda

Eda ya mfiwa, kwa asiyeijua, ni miezi minne na siku kumi. Mjane hukaa nyumbani kwake, hajipambi, hajitii manukato, hatoki ila kwa dharura. Wiki ya mwanzo nyumba hujaa. Kuna khitma, kuna masufuria ya kuazima, kuna jamaa wa shamba wamelala sebuleni. Baadaye kila mtu hurudi kwake, na hapo ndipo mjane hujua kwamba amefiwa. Mimi nakaa Michenzani, kwenye yale maghorofa marefu yaliyojengwa baada ya Mapinduzi kwa ramani za wataalamu wa Ujerumani Mashariki. Kazi sina, mume sina, na ngazi sizishuki. Chini barabarani watu wanapita na mambo yao. Nilikuwa nakaa kitandani nikiitazama mikono yangu, iliyozoea kushika mafaili kutwa, ikiwa imelala mapajani haina la kufanya.

Siku moja mjukuu wangu alisahau mkoba wake kwangu. Ndani mlikuwa na kiboksi cha plastiki chenye vidonge kumi na viwili vya rangi na brashi moja iliyotawanyika nywele. Nikachukua karatasi ya fotokopi, nikachora kimraba kwa penseli, nikakijaza buluu. Nikachora kingine pembeni yake. Sikuwa na nia yoyote. Adhana ya magharibi ilinikuta nimekaa pale pale, karatasi nzima imejaa miraba, na chai ya alasiri imepoa bila kuguswa.

Kesho yake nikaomba karatasi nyingine. Jirani mmoja aliyekuja kunijulia hali aliziona zimeanikwa kwenye kochi, akamnong'oneza mwenzake kwa sauti ya kusikika: mjane na marangirangi, wapi na wapi? Wifi yangu, dada wa marehemu, ndiye aliyejibu kutoka jikoni: "Rangi iko kwenye karatasi, Bi Mkubwa, haiko mwilini mwake. Mwacheni." Tangu siku ile wifi akawa ndiye mwenye kunishukia ngazi kwenda dukani kuninunulia vifaa, na hajapata hata mara moja kuniuliza ni vya nini.

Hesabu ya bibi

Watu hudhani nilikuwa natoa majonzi yangu kwenye karatasi. Hata kidogo. Ukiniuliza nilichokuwa nikifanya, nilikuwa nahesabu.

Mimi nimezaliwa Pemba, upande wa Wete, na bibi yangu mzaa mama alikuwa msuka mikeka. Kabla sijajua kusoma nilijua kusuka ukili. Ukindu unaanikwa, unachanwa, unachemshwa kwenye sufuria la rangi ya zambarau au kijani, unaloweshwa kidogo uwe laini, kisha chane zinapandishwa na kushushwa kwa hesabu. Ukiteleza kwenye chane moja, nakshi yote iliyo mbele yake inaanza kwenda upande, na bibi alikuwa haoni tabu kufumua ukili wa pima nzima na kukurudishia mkononi bila neno. Ukili ukitimia unashonwa kwa ukili, mpaka mkeka unakuwa mkeka. Sikumsikia mtu hata mmoja akimuuliza bibi mkeka wake "unaonyesha nini". Ulikuwa na mistari, pembe na rangi zilizokwenda kwa zamu. Watu waliukalia, wakauswalia, wakausifu.

Basi nilipokuwa najaza ile miraba, mkono ulikuwa umeikumbuka kazi yake ya zamani kabla mimi sijaikumbuka. Mraba wa buluu, ruka mmoja, mraba wa buluu, ruka mmoja. Mstari wa pili uanzie pale wa kwanza uliporuka. Akili inayohesabu haina nafasi ya kurudia maneno ya daktari wa zamu usiku ule alipofariki mume wangu. Ikimaliza hesabu hurudi kwenye msiba, hilo silifichi, lakini hurudi imepumzika.

Baadaye nilikuja kuelewa kwamba kule kuruka mraba ni sharti la rangi za maji zenyewe. Rangi hii ni unga wa rangi uliokandwa kwa gundi ya mgunga, ile inayotoka kwa wingi Sudan, na maji ndiyo yanayoibeba. Ukipaka mraba wa njano ubavuni mwa mraba wa buluu ambao bado mbichi, mpaka wao unavunjika: buluu inamwagikia njano, na unapata kijani usichokitaka. Ukisubiri wa kwanza ukauke, mpaka unasimama. Kwa hiyo mchora nakshi hupaka ukurasa nusu nusu. Kwanza miraba ya witiri. Ikishakauka, miraba ya shufwa. Huwezi kuifupisha kazi hii kwa haraka yako.

Na kukauka kuna msimu wake. Wakati wa kusi, kati ya Juni na Septemba, upepo mkavu unapita dirishani na mraba hukauka kabla sijamaliza kuosha brashi. Masika hewa imejaa maji. Unapaka baada ya alfajiri, unagusa adhuhuri, kidole bado kinanata. Feni haisaidii. Inaisukuma rangi yote upande mmoja, na ukingo unakauka ukiwa na mstari mzito. Kwa hiyo masika mimi hupaka asubuhi, nikaenda jikoni kupika, nikafua, nikaswali, ndipo nirudi kwenye karatasi. Siku imepata vituo vyake tena, kama zamani za ofisini.

Karatasi ya Muscat na nili ya kufulia

Karatasi ya fotokopi ni ya gramu 80 kwa mita moja ya mraba. Ikishakunywa maji inajikunja mawimbi, na rangi yote inakimbilia mabondeni. Mwanangu anayefanya kazi Muscat aliponipigia simu kuuliza aniletee nini, nilimwambia: karatasi ya pamba, gramu 300. Alinyamaza kidogo. Amezoea kuagizwa udi na vitambaa. "Mama, karatasi tu?" Karatasi tu, mwanangu.

Ile karatasi imetengenezwa kwa nyuzi za pamba na uso wake una vishimo vidogo ambavyo kidole kinavisikia. Hata hiyo nayo ukiilowesha sana hupinda, kwa hiyo huloweshwa nzima, ikalazwa juu ya ubao, na kubandikwa pande zote nne kwa utepe wa karatasi wenye gundi inayoamka kwa maji. Ikikauka inajivuta na kukaza, na baada ya hapo hata ukiimwagia maji inarudi bapa yenyewe.

Siku niliyopaka juu yake buluu iitwayo ultramarini nilisogeza kiti karibu na dirisha nitazame vizuri. Chembe za rangi zilikuwa zimezama kwenye vile vishimo, zikaacha vilele vyao na weupe, na mraba mmoja ukawa na chengachenga ndani yake ambazo sikuzipaka mimi. Na buluu yenyewe nilikuwa naijua. Ultramarini ya asili ilisagwa kutoka kwenye jiwe la thamani la Afghanistan. Katika miaka ya 1820 Ulaya wakagundua namna ya kuitengeneza kiwandani, ikawa rahisi mno hata ikatiwa kwenye nili ya kufulia, vile vipande vya buluu ambavyo mama zetu walivikoroga kwenye beseni la mwisho ili kanzu za Ijumaa zing'ae. Rangi niliyokuwa nikiimwaga karoni tangu utotoni ndiyo hii sasa naipima kwa ncha ya brashi.

Kitu kingine kilichonishangaza ni nyeupe. Kwenye rangi za maji, kwa desturi, nyeupe haipakwi. Nyeupe ni karatasi yenyewe iliyoachwa bila kuguswa, na ukishaifunika huirudishi ilivyokuwa. Kwa hiyo inapangwa kabla brashi haijalowa: huu utabaki mweupe, na huu, na ule wa pembeni. Mtu wa masjala jambo hili linamkaa vizuri. Kwenye rafu zangu nafasi tupu nayo ilikuwa na namba yake, ikimsubiri mwenyewe.

Rangi ninazotumia ni chache. Buluu ile, njano, nyekundu, na udongo uliochomwa wenye wekundu wa tofali. Udongo ule ukichanganywa na ultramarini unatoa kijivu kizuri ambacho huwezi kukinunua dukani, chenye joto ukizidisha udongo na chenye baridi ukizidisha buluu. Na kila rangi ikikauka hupungua nguvu, kwa hiyo huipaka ikiwa imekoza kidogo kuliko ninavyoitaka.

Waliotangulia

Mpwa wangu, mwalimu, aliniletea kitabu chenye picha za Paul Klee, mchoraji aliyezaliwa Uswisi mwaka 1879. Alikifungua mahali, akaniuliza: "Shangazi, huyu naye amechukua kwako?" Mbele yangu kulikuwa na miraba, mingine imelala, mingine imeinama, rangi zimepita moja juu ya nyingine.

Kumbe Aprili 1914 Klee alikwenda Tunisia pamoja na wachoraji wenzake wawili, August Macke na Louis Moilliet. Walipaka rangi za maji Tunis, Hammamet na Kairouan, mji wenye msikiti mkongwe wa Uqba. Kuta na makuba yaliyopigwa jua yakageuka vipande vya rangi kwenye karatasi zake. Septemba ya mwaka ule ule Macke aliuawa vitani Ufaransa, akiwa na miaka 27. Klee aliendelea na miraba yake miaka mingi, akaifundisha katika skuli ya Bauhaus kule Ujerumani, na uzeeni akapatwa na maradhi yaliyoikaza ngozi yake. Mwaka 1939, akiwa mgonjwa hivyo, alifanya kazi zaidi ya 1,200 kwa mwaka mmoja. Mwaka uliofuata akafariki. Nimeisoma habari hiyo mara nyingi, na kila mara nauwaza mkono ule.

Lakini nilimwambia mpwa wangu kwamba hatuna haja ya kwenda mpaka Tunisia. Siyu, katika kisiwa cha Pate, waandishi wa zamani walinakili Misahafu kwa mkono na kuzizungushia kurasa zake nakshi za wino mweusi, mwekundu na manjano. Hapa Mji Mkongwe milango imechongwa nakshi kutoka kizingiti hadi kizingiti. Ukipita mitaani alasiri utakuta mwanamke barazani anashona kofia ya viua, kitobo kwa kitobo, kazi ya miezi. Wageni huniambia picha zisizo na mtu wala mnyama ni sanaa ya kisasa. Kwetu ndizo za tangu na tangu. Picha za watu ndizo zilizokuja juzi na kamera.

Picha ya harusi

Eda ilipokwisha, safari yangu ya kwanza mjini nilibeba picha ya harusi yetu. Ilitiwa fremu zamani, siku ambazo wote wawili tulikuwa wembamba, na ubao wake ulikuwa umeliwa na mchwa. Nilitaka kubadilishiwa ubao tu. Fundi wa fremu aliing'oa misumari ya nyuma, akatoa ubao wa mgongo, kisha akasita. Akaipeleka picha mwangani, akaitazama kwa upande.

"Bi Mkubwa, hii imeshikana na kioo. Nikiivuta, sura ya bwana itabaki kwenye kioo."

Picha ilikuwa imebanwa moja kwa moja kwenye kioo, hakuna kitu katikati. Unyevu wa pwani uliingia masika baada ya masika, uso wa picha ukalainika, ukaganda. Aliyeitengeneza simlaumu, ndivyo ilivyokuwa ikifanywa. Fundi aliipiga picha nyingine juu ya kioo kile kile, nakala hiyo ndiyo iliyoingia kwenye fremu mpya, na picha yenyewe ikabaki na kioo chake mpaka leo. Nikamuuliza picha zangu za miraba zitasalimika vipi. Alidhani nauliza bei. Nilipomwambia nataka kuona anavyofanya, alivuta kigoda akanipa nikae.

Alianza na kadibodi ya dirisha. Ni kadibodi nene inayokatwa tundu la mraba katikati kwa kisu kilicholazwa, hivyo ukingo wa ndani unakuwa na mteremko mweupe. Inakaa baina ya kioo na picha. Unene wake ni kiasi cha milimita mbili, na milimita hizo mbili ndizo zilizokosekana kwenye picha yangu ya harusi. Zinaacha hewa, na kioo kikitoa jasho halifiki kwenye rangi. Kadibodi hiyo iwe ile isiyo na tindikali. Ya maboksi ya kawaida inageuka kahawia na kuichoma karatasi polepole. Ukitoa mchoro wa zamani kwenye fremu utaona mstari wa kahawia umeuzunguka pande zote, pale kadibodi ilipoulalia.

Kisha namna ya kuuning'iniza mchoro. Mgongo haupakwi gundi mzima. Unashikwa kwa vipande viwili vya karatasi nyembamba upande wa juu peke yake, kwa wanga wa ngano uliopikwa mpaka ukawa uji mzito. Karatasi ya pamba hutanuka masika na kusinyaa kusi. Ukiibana pande zote nne itatuna tumbo katikati. Selotepu ni marufuku, maana inageuka manjano na gundi yake inapenya mpaka mbele. Uji wa ngano hata ukikaa miaka mingi, ukiutia maji kidogo unaachia, na karatasi inatoka salama.

Halafu ubao. Mimi huchagua mvule, bila dhahabu wala maua, kwa kuwa maua yapo ndani. Vipande vinne vinakatwa kwa pembe ya nyuzi 45 kila ncha. Pembe tatu za kwanza zitafunga hata kama kuna kosa dogo, kwa sababu kosa linasukumwa mbele. Linadhihirika kwenye pembe ya nne, ambapo mwanya unabaki na hakuna pa kuupeleka. Niliuona mwanya huo kwenye fremu ya mwanafunzi wake nikacheka peke yangu: bibi angeufumua.

Kuna na mambo ambayo mtazamaji hayaoni. Nafasi ya chini ya mchoro inaachwa pana kidogo kuliko ya juu, maana zikilingana jicho linauona mchoro umeporomoka. Mgongo unafungwa kwa karatasi ya kaki pande zote, kuzuia vumbi na wadudu wanaokula karatasi. Kwenye pembe mbili za chini, nyuma, kunabandikwa vipande vidogo vya mpira ili fremu isilale kwenye ukuta. Kuta zetu za chokaa hutoka jasho masika, na fremu iliyolalia ukuta huota kuvu kwa nyuma wakati mwenyewe anaifuta vumbi kwa mbele.

Mwisho ni jua. Katika jumba la taifa la sanaa la Ireland, mjini Dublin, kuna picha 31 za rangi za maji za Mwingereza J. M. W. Turner. Mwenye kuzirithisha, Henry Vaughan, aliziacha mwaka 1900 kwa sharti kwamba zionyeshwe Januari tu, mwezi ambao mwanga wa kule ni hafifu. Nilipomsimulia fundi alitikisa kichwa. Januari yetu sisi ni kaskazi, jua la utosi. Sharti lile lingezimaliza picha zote. Kwa mteja wa hapa maneno yangu ni mafupi: itundike ukuta usiofikiwa na jua mwezi wowote, na usiitundike mkabala na mlango wa baraza.

Nilivyobadilika

Masjala faili haliishi. Linafungwa, linafunguliwa, linahamia ofisi nyingine, linarudi limenenepa. Niliishi hivyo mpaka nikaamini kwamba ndivyo kila kitu kilivyo. Picha ikishatiwa fremu imekwisha. Fundi anagonga msumari wa mwisho, mimi naandika nyuma jina langu na mwaka, na haipo tena mikononi mwangu. Mara za mwanzo nilikuwa nasikia uchungu mteja akiichukua. Siku hizi namfungia vizuri, namwambia awe na wasaa mwema, naingia ndani kukata karatasi nyingine. Kitu kinaweza kuwa kizuri, kikaisha, kikaondoka, na mimi nikabaki mzima. Hilo sikulijua nilipokuwa nakaa kitandani nikiitazama mikono yangu.

Mateso hayakukatika. Vidonge vya presha nameza. Kuna Ijumaa nakuta nimemtengea marehemu kikombe, nakirudisha kabatini. Tofauti ni kwamba baada ya kukirudisha najua nakwenda wapi: kuna ukurasa umekauka witiri unasubiri shufwa.

Fedha nazo zimekuja, za kiasi. Duka moja Mji Mkongwe linaniuzia kwa wageni. Hao huchukua bila kioo wala fremu, mchoro na kadibodi yake tu, ili vitoshe sandukuni. Watu wa hapa huagiza na fremu kabisa kwa ajili ya sebule. Daktari mmoja wa meno alinunua mbili kubwa za chumba cha kungojea. Nilimkuta siku nyingine, akaniambia wagonjwa wake wenye hofu ya sindano hukaa wakizihesabu, na akiita jina wengine humwomba wamalizie mstari. Sijapata sifa iliyonifurahisha kama hiyo.

Nikienda kuhani siku hizi, pamoja na sukari na mchele nabeba karatasi chache na kiboksi cha rangi. Simwambii mfiwa "chora, utapona". Namwekea mezani, nikaondoka. Wengine hawakigusi. Yule jirani aliyenong'ona kwangu, naye alifiwa baadaye, na alikigusa. Sasa huja Jumamosi. Miraba haipendi, anasema imekaza mno. Yeye na viduara tu, na rangi yake ya waridi ambayo namwambia kila wiki kwamba imezidi.

Kwa anayetaka kuanza

Usinunue vingi. Rangi tatu zinatosha: buluu, njano na nyekundu. Kwenye nyekundu uwe na hadhari, maana ile ya zamani iitwayo alizarini hufifia kwa mwanga. Soma kwenye tyubu kama rangi inahimili jua. Brashi moja ya duara, ya ukubwa wa kati, yenye ncha inayorudi mahali pake ikilowa. Bakuli mbili za maji, moja ya kuoshea na moja ibaki safi. Karatasi nzuri moja ikatwe vipande vinne, kwa sababu karatasi mbovu itakukatisha tamaa na utadhani ni mkono wako. Rula na penseli unavyo.

Chora miraba. Ipake ya witiri, kisha kapike. Rudi uipake ya shufwa. Acha mmoja au miwili myeupe. Utakapopata ukurasa unaokupendeza, hata kama una kasoro, upeleke kwa fundi wa fremu, na umsimamie mpaka uione kadibodi imekaa baina ya kioo na picha. Akikwambia haina haja, tafuta fundi mwingine. Na kama mna picha za harusi, za wazee au za watoto zilizobanwa na kioo, zitoeni leo wakati bado zinatoka.

Mimi nipo Michenzani. Jumamosi baada ya alasiri mlango wangu uko wazi, chai ipo, karatasi nitakupa. Brashi njoo na yako, kwa sababu zangu siazimi mtu.